Yadi ya Vyuma Chakavu Juu ya Mlango Mmoja

Mlango tunaousema ni mlango kweli. Ulikuwa wa ghala, ukaliwa na mchwa upande wa chini, nao una urefu wa mita mbili na upana wa sentimita 80. Tuliulaza juu ya mapipa mawili matupu, na juu yake tumejenga njia tatu za reli, kreni moja, mizani, lori la makopo, na lundo kubwa la vyuma chakavu. Kazi hiyo ilitumaliza Jumamosi nyingi. Watu waliokuwa wakipita walituuliza kama tumekosa kazi ya watu wazima. Baadhi yao waliuliza hivyo asubuhi, na jioni walikuwa wamechuchumaa pamoja nasi wakinyoosha waya.

Yapasa tueleze jinsi jambo hili lilivyoanza. Tulitaka kuwafundisha usalama wa kazi vijana wanaokata na kubeba vyuma chakavu hapa Kasese na kule Bwera, wengi wao vibarua wa siku ambao hawajapata kuingia chama chochote. Tulijaribu ubao na chaki. Vijana walitusikiliza kwa adabu, wakanywa chai, wakaenda zao, na kesho yake tukawaona wanakata pipa la mafuta bila miwani kama kawaida. Ndipo mwenzetu mmoja wa kiwanda cha saruji aliposema, "Jamani, watoto wa hapa wanatengeneza magari ya waya tangu sisi tulipokuwa wadogo. Kwa nini tusiitengeneze yadi yenyewe, tukawaonyesha kwa kidole?"

Na ukijenga yadi ya vyuma Kasese, huwezi kuikwepa reli. Mji huu ulikua kwa ajili ya reli, na reli ililetwa kwa ajili ya shaba. Njia ya kutoka Kampala, yenye urefu wa kama kilomita 330, ilifika hapa mwaka 1956, na mwaka huohuo Kilembe ikaanza kutoa shaba. Madini yaliyokwisha kusagwa na kuchujwa yalipakiwa katika mabehewa yakaenda Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, kisha shaba ikaendelea kwa reli mpaka Mombasa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na pamoja nayo shirika la reli la nchi tatu. Mwaka 1982 Kilembe iliacha kutoa shaba. Treni ziliendelea kuja, zikipungua mwaka hadi mwaka, mpaka zilipokoma kabisa mwishoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi chuma chakavu cha kwetu huenda Jinja kilekile ilikokuwa ikienda shaba, lakini juu ya malori, nacho huyeyushwa kikawa nondo.

Miongoni mwetu yumo mzee aliyekuwa nyapara wa genge la reli. Yeye ndiye aliyetupa kipimo. Huko Ulaya wapenzi wa reli za mfano hununua vitu vilivyo tayari dukani, na kipimo kinachopendwa zaidi ni moja kwa themanini na saba. Mzee alisema hesabu hiyo ni ya watu wenye kalamu nyingi. Sisi tulichukua moja kwa hamsini. Reli yetu ya Afrika Mashariki ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, basi reli ya mfano ikawa milimita 20 kamili. Mtu wa kimo cha wastani anakuwa milimita 34, yaani njiti ya kiberiti iliyopunguzwa kidogo. Mlango mzima unakuwa uwanja wa mita 100 kwa 40.

Reli zenyewe ni waya wa seng'enge wa milimita mbili. Ukiuzidisha mara hamsini unapata sentimita 10, na reli nyepesi ya kweli haiko mbali na hapo. Waya huo haunyooki kwa nyundo. Funga ncha moja kwenye mti, ishike nyingine kwa koleo, kisha vuteni watu wawili mpaka muusikie umeregea ghafla. Hapo umenyooka. Mataruma tuliyakata katika makopo ya mafuta ya kupikia, kila moja sentimita nne kwa milimita tano, tukakunja kingo zake kuelekea chini. Hii si kwa sababu ya uhaba wa mbao tu. Wajenzi wa reli ya Uganda nao walitumia sana mataruma ya chuma, kwa kuwa mchwa wa nchi hii hawamwogopi mhandisi. Tulikata zaidi ya 300, na vidole vyetu vinayo kumbukumbu ya kila moja.

Kosa letu la kwanza tulilifanya hapo. Tuliunganisha waya mzima wa mita mbili kwa risasi ya kulehemu, tukaupigilia misumari ncha mbili tu, tukaenda kula. Kulikuwa na jua kali. Tuliporudi, njia yetu ilikuwa imejikunja ubavuni kwa upana wa kidole gumba. Tulidhani mtoto ameipiga teke. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Akatueleza kwamba waya wa urefu ule ukipata joto hurefuka nusu milimita tu, lakini kwa kuwa ncha zimefungwa hauna pa kwenda ila ubavuni, na nusu milimita inatosha kuukunja vile. "Ninyi mlifikiri ile nafasi kati ya reli na reli ni ya kutoa mlio wa kuwafurahisha abiria?" alituuliza. Tulibomoa yote. Tukakata waya vipande vya sentimita 24, sawa na mita 12 za kweli, tukaacha nafasi ya unene wa wembe kila kiungo. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeweka taruma bila kumtazama mzee usoni kwanza.

Sasa kutu. Msomaji atadhani kutu ni jambo rahisi kuliko yote, maana huja lenyewe. Waya wa seng'enge una ngozi ya zinki, nao hukaa kwenye mvua miaka bila kubadilika rangi. Kijana mmoja alitaka kuutia motoni ngozi iungue, tukamzuia upesi, kwa sababu moshi wa zinki humletea mtu homa na kutetemeka usiku ule ule, jambo ambalo wachomeleaji wetu wanalijua vizuri. Tuliulaza waya ndani ya maji ya ndimu usiku kucha. Asubuhi zinki ilikuwa imelika. Kisha tukaupaka maji ya chumvi ya Katwe, chumvi ya kwetu hii, tukauanika. Siku ya tatu ulikuwa na rangi ileile ya hudhurungi unayoiona ukipita karibu na kituo cha zamani.

Mzee alipouona, hakufurahi. Alichukua kipande cha msasa akasugua reli ya njia ya kwanza, juu tu, mpaka ikang'aa kama kijiko. Akasema reli inayofanya kazi haiwi na kutu juu, magurudumu huing'arisha. Kutu hukaa ubavuni. Reli ambayo ina kutu mpaka juu, hiyo ni reli ambayo watu wake wamekwisha kwenda nyumbani.

Maneno hayo yalizua mjadala mrefu kuliko mkutano wowote wa tawi tunaoukumbuka. Je, tunajenga mwaka gani? Waliofanya kazi zamani walitaka treni ya shaba na reli zinazong'aa. Vijana walisema wao hawajaiona treni hata siku moja, na kwamba Kasese wanayoijua ni ya nyasi kati ya mataruma. Kila upande ulisema kweli. Mwisho tulikubaliana kwamba mlango uonyeshe nyakati tatu. Njia ya mbele inang'aa, nayo ina mabehewa manne ya madini na injini ndogo iliyotengenezwa kwa kopo la samaki na mota ya redio ya kaseti, inayokwenda kwa betri mbili za tochi. Njia ya katikati ina kutu mpaka juu, na behewa moja lililoota nyasi. Ya nyuma haina reli kabisa. Kuna kokoto tu, na alama za mataruma yaliyong'olewa, na hapo ndipo yadi ya vyuma ilipo. Mtu akitembeza macho kutoka mbele kwenda nyuma anapita miaka 60 bila kuhama aliposimama.

Tuseme neno moja hapa juu ya nchi za mbali, maana wako wanaofikiri yadi ya vyuma chakavu ni aibu ya watu maskini. Huko Barry, katika Wales ya kusini, palikuwa na yadi ya ndugu wa Woodham. Kuanzia mwaka 1959 walinunua injini za mvuke zilizoachwa na shirika la reli la Uingereza, jumla 297, wazikate. Lakini wafanyakazi wa yadi walikuwa na mabehewa mengi ya kukata, na mabehewa ni kazi nyepesi, kwa hiyo injini zikawekwa pembeni zikangoja. Zikangoja miaka mingi. Wapenzi wa reli wakaanza kuja na fedha za kuchangishana, wakizinunua moja moja, na ya mwisho iliondoka hapo mwaka 1990. Injini 213 ziliokoka. Ndiyo maana mjenzi wa reli za mfano wa Uingereza akitaka kujenga mahali penye huzuni na matumaini pamoja, mara nyingi hujenga yadi ya vyuma chakavu.

Turudi kwenye mlango wetu. Wenzetu wa Bwera walikuja na malalamiko ya haki. Walisema reli haikufika kwao kamwe, iliishia Kasese, lakini vyuma vya Bwera vinafika kila wiki, basi viko wapi katika mfano huu? Ilikuwa kweli. Kutoka Bwera lori hupita Kikorongo, mwendo wa zaidi ya kilomita 50, limebeba vitu ambavyo sisi wa mjini hatuna: mashine za mkono za kumenyea kahawa zilizovunjika meno, vipande vya vinu vya kuchambulia pamba, na rimu na chasisi za malori yaliyofia barabara za Kongo yakavutwa mpaka Mpondwe. Soko la Lhubiriha lina Kikonzo, lina Kiswahili cha pande zote mbili za mto, na kila chuma hapo kina majina mawili. Wenzetu walitengeneza lori wenyewe kwa kopo la maziwa ya unga, magurudumu ni visoda, na mzigo wake waliuleta kutoka kwao. Hata mashine ya kahawa ipo, ina mpini unaozunguka, kubwa kama punje ya mahindi.

Lundo lenyewe ndilo lililotufundisha zaidi. Mtu hawezi kumwaga vipande tu akasema ni chakavu. Kila kipande mwenzetu alichokileta tulimwuliza kimetoka wapi na nani alikuwa akikitumia. Boila ni betri kubwa ya tochi iliyokauka, tukaifunga kwa kitambaa cheupe kuonyesha ile ngozi ya kuzuia joto. Kreni imetengenezwa kwa spoku za baiskeli, na kwenye ndoano tumetia sumaku ya spika ya redio, inayonyanyua misumari kweli.

Palitokea ugomvi juu ya reli ndani ya lundo. Vijana walitaka kuzitia, maana wameziona huko duniani. Mzee alikataa katakata. Alisema reli ni mali ya umma, na ukimwonyesha kijana reli iko kwenye lundo unamfundisha kuiba. Akaondoka na msasa wake. Ni mama mmoja wa Bwera, mchambuzi wa kahawa, aliyemfuata nje. Hatukusikia yote, lakini tulisikia hili: "Mzee wangu, anayekamatwa ni nani? Aliyenunua au aliyekata?" Mzee alirudi baada ya kitambo. Mwenyewe alikata vipande vitatu vya waya, akaviweka nyuma ya lundo, akavifunika nusu kwa turubali. Sasa tukiwafundisha vijana huwauliza nini kiko chini ya turubali. Wote wanajua. Kisha tunazungumza juu ya yule anayelipwa kwa siku akate usiku, na juu ya mnunuzi ambaye siku ya polisi hayupo.

Mizani tuliijenga kwa rula na visoda viwili, nayo inapima kweli. Mikono yake ilikuwa milimita 50 kila upande. Halafu tuliuhamisha msumari wa katikati milimita mbili na nusu tu kuelekea upande wa mzigo. Kwa macho huoni kitu. Lakini mzigo wa kilo 100 sasa unasomeka 90 na kidogo. Vijana walipoona hivyo, wakacheka, kisha wakanyamaza. Mmoja wao alianza kuhesabu kwa vidole mwaka mzima. Dawa ya mizani ya mikono miwili ni kubadilisha pande: weka mzigo palipokuwa na mawe, na mawe palipokuwa na mzigo, na jibu likibadilika mizani ni mwizi. Kwa mizani ya kuning'inia au ya sakafuni, peleka mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Mwenye yadi akikataa kuupima, amekwisha kukujibu.

Kuna watu 23 juu ya mlango, wa waya na udongo, wamevikwa vitambaa. Tulibishana tuwavike kofia ngumu na viatu au la. Wengine walisema mfano uonyeshe inavyotakiwa. Wengi tulisema uonyeshe ilivyo. Kwa hiyo mkataji wetu hana miwani, wabebaji watatu wako peku, na mtoto mmoja anaokota nati chini ya kreni, mahali pabaya kuliko pote. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Tuliwatengenezea watu wetu kofia za visoda vidogo na viatu vya nta, tukaviweka katika kisanduku cha kiberiti kando ya yadi, na kwenye kisanduku tumeandika mwaka huo, 2006. Kijana anayefundishwa ndiye anayewavika, mmoja mmoja, akieleza kwa nini.

Vitu vya hatari hatukuvipaka rangi nyekundu. Kijana hupewa kijiti avitafute mwenyewe. Lipo pipa lililofungwa, ambalo mvuke wa mafuta uliobaki ndani hulipuka ukiguswa na moto wa gesi. Ipo betri ya gari yenye tindikali na risasi. Upo ule mpira wa gesi uliochanika. Ipo ile ngozi nyeupe ya boila, ambayo katika mitambo ya zamani mara nyingi ni asbesto, na vumbi lake hukaa kifuani miaka mingi kabla ya kuua. Na kuna kitu kidogo cha mviringo mrefu, kama mbegu ya boga. Hicho wazee wa Bwera walikitambua mara moja. Vita vya ADF vilianzia hapohapo Mpondwe mwezi Novemba 1996, na ijapokuwa mwaka 2012 Uganda ilitangaza kwamba imemaliza kuondoa mabomu ya ardhini, chuma cha vita hakitambui tangazo. Kisichojulikana hakigongwi na hakibebwi. Kiache, wazuie watoto, waite polisi au jeshi.

Tulidhani tumeorodhesha yote. Kijana mmoja wa Bwera alishika kijiti, akapita vitu vyote hivyo, akagusa lundo lenyewe. Akasema lundo letu limesimama wima mno. Ukivuta kipande cha chini ili kukwepa kupanda, cha juu kinakuja. Alituonyesha mkono wake wa kushoto, wenye vidole vitatu. Tulilipunguza lundo jioni ileile, na lile lililokuwa mwanzo sasa tunalijenga upya kila somo makusudi, ili liporomoke mbele yao.

Mlango umekwisha kusafiri mara moja mpaka Bwera, juu ya lori la kahawa, ukiwa umefungwa kwa kamba na blanketi. Kati ya watu 23, waliofika wamesimama ni 19. Injini ya kopo ilifika salama. Kreni ilivunjika shingo, ikatengenezwa palepale sokoni na fundi baiskeli ambaye hakutaka malipo, ila alitaka aiendeshe treni kwanza, na aliiendesha kwa muda mrefu kuliko tulivyokubaliana.

Zamu ijayo tunataka kuongeza banda la vibarua na bomba la maji. Tunahitaji makopo ya mafuta yasiyo na kutu, waya wa milimita mbili, na mota moja ya redio, maana ile tuliyo nayo imeanza kunuka moto. Mwenye navyo amwone katibu wa tawi lake. Mzee wa reli anaomba makopo yaoshwe kabla ya kuletwa, kwa sababu mara ya mwisho yalileta siafu.